Akiba ya miaka mitatu, chumba kimoja, na maiki iliyorudi kwenye boksi

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 31, nimeoa, na mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Napiga gitaa na kuimba tangu nikiwa shuleni. Nina nyimbo 11 nilizotunga mwenyewe, nyingine zimo kwenye daftari, nyingine kwenye simu, vipande vipande. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo ili nifungue studio ndogo nyumbani. Mke wangu analijua hilo, na mwanzoni yeye ndiye aliyenitia moyo.

Chumba tulichokitenga ni kidogo, mita tatu kwa tatu, kuta za saruji, sakafu ya vigae, dirisha moja. Ukipiga kofi humo ndani, kofi linakurudia.

Mwaka jana nilikosa subira. Nilinunua maiki ya kondensa kwa kuwa kila niliyemsikiliza alisema ndiyo maiki ya studio. Nikaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa kuunganishia, haikutoa hata mkwaruzo. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Baadaye nikaelezwa kwamba maiki hiyo inahitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta. Nikaazima kadi kwa mtu, nikavaa hedifoni, nikaimba. Nilichosikia kilinivunja moyo: feni, friji ya jikoni, watoto wa jirani, na sauti yangu kana kwamba nimejifungia ndani ya pipa. Nikairudisha maiki kwenye boksi. Imekaa humo miezi minane.

Nina rafiki anayetengeneza biti. Ana sikio zuri na tumeahidiana kwa muda mrefu kufanya kazi pamoja. Yeye anasema kosa langu lilikuwa kununua maiki ya bei ndogo. Sasa amepata studio inayofungwa, mwenyewe anauza vyombo vyote kwa mkupuo: spika mbili za inchi nane, kadi ya sauti yenye matundu manane, maiki kubwa, mikisa ya kuchanganyia sauti na kinanda. Anataka tuchange nusu kwa nusu, vyombo vikae kwangu kwa sababu yeye anaishi chumba kimoja. Sehemu yangu itamaliza akiba yote, na itabidi nikope kidogo juu yake. Muuzaji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mke wangu hakukataa. Alisema sentensi moja tu: "Rekodi kwanza wimbo mmoja kwa hivyo ulivyo navyo, halafu tuongee." Nilikasirika, nikamwambia haelewi muziki. Tangu siku hiyo, wiki mbili sasa, tunaongea mambo ya lazima tu. Na ninajua chumba hicho ndicho alichokuwa akikiwazia mtoto, ingawa hajakitaja.

Nimetazama video hadi usiku wa manane. Mmoja anasema anza na chumba, mwingine anza na spika, mwingine anasema spika za nini, hedifoni zinatosha. Daftari langu lina orodha nne tofauti, na ya mwisho ina vitu 14. Naogopa kukosea mara ya pili. Naogopa pia kumpoteza rafiki.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Hakuna aliyewahi kusikia wimbo wangu hadi mwisho, isipokuwa mke wangu, usiku mmoja nilipodhani amelala. Asubuhi alikuwa akifua huku akiimba kiitikio chake. Sikusema kitu.

Ninunue nini kwanza? Na nimjibu nini rafiki yangu?

Mwenye maiki ndani ya boksi

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa mtoto anayekuja.

Umeniuliza maswali mawili, lakini barua yako imebeba zaidi ya hayo. Kuna chumba kimoja chenye wadai wawili, studio na mtoto. Kuna rafiki mwenye hamu, na tarehe ambayo si yako wala yake, ni ya muuzaji. Kuna mke aliyeambiwa haelewi. Na kuna maiki iliyokaa gizani miezi minane. Niruhusu nianzie kwenye maiki, maana naona umeihukumu kabla hujasikia upande wake.

Siku ile uliyoijaribu, ilikuletea feni, friji na watoto wa jirani. Hiyo ndiyo kazi ya kondensa. Ndani yake kuna utando mwepesi mno unaotikiswa hata na sauti ndogo, na ndiyo sababu watu huipenda kwa uimbaji: inashika pumzi, inashika kidole kinavyoteleza kwenye uzi wa gitaa. Haijui kuchagua. Kinachosikika chumbani inakipokea chote. Kwa hiyo mimi siioni kama maiki mbovu. Ilikuambia kweli usiyoitarajia kuhusu chumba chako.

Na ile sauti ya pipa? Chumba cha mita tatu kwa tatu ni kigumu kwa muziki kwa sababu urefu na upana vimelingana. Sauti ikigonga ukuta mgumu inarudi, na kuna noti ambazo mawimbi yake yanaenea sawasawa kati ya kuta mbili, yanavimba. Kwa mita tatu, wimbi la kwanza la namna hiyo huangukia karibu hezi 57, yaani mitikisiko 57 kwa sekunde, la pili karibu 114. Kwa kuwa kuta zako zote nne zimeachana kwa umbali uleule, zinavimbisha noti zilezile. Sasa chukua gitaa lako: uzi wa pili kutoka juu, ule mnene wa A, hulia kwenye hezi 110. Jaribu kuupiga ukiwa umesimama penye kona ya chumba hicho, kisha sogea hadi robo ya chumba kutoka kila moja ya kuta mbili za kona hiyo. Nadhani utasikia ukinguruma mahali pamoja na kunywea mahali pengine, bila wewe kubadilisha chochote mkononi.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu rafiki yako amesema kosa ni bei ya maiki. Inawezekana kabisa ana sikio zuri kama usemavyo, na kasoro aliyoisikia ipo. Ila maiki kubwa zaidi ndani ya chumba hichohicho itakuonyesha pipa lilelile kwa uwazi zaidi. Wapo wanaokwepa tatizo hili kwa maiki ya dainamiki, zile ambazo waimbaji huzishika jukwaani. Shure SM57 ilitoka mwaka 1965 na SM58 mwaka 1966, na hadi leo zinatengenezwa. Maiki za aina hiyo hazina wepesi wa kondensa, zinataka mdomo uwe karibu, na kwa hiyo sauti ya chumba huingia kidogo. Zina gharama yake pia: zinahitaji kadi izipandishe sauti sana, na mtu mwenye sauti ya chini anaweza kusikia mchemko wa kadi nyuma ya maneno yake. Wewe unaimba kwa nguvu au kwa upole? Barua yako haikusema. Najua tu kwamba usiku ule uliimba kwa sauti uliyodhani haitamwamsha mtu.

Kabla hata ya aina ya maiki, kuna umbali. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6, huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu palepale. Shubiri moja ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukikaribia zaidi ya hapo, besi ya sauti inaongezeka na herufi kama P na B zinapuliza, ndipo kile kizuizi cha pumzi kinapofaa, au kuigeuza maiki kidogo ikuelekee kwa ubavu. Maiki ya aina yako, kama ilivyo nyingi za uimbaji, karibu haisikii kwa nyuma. Basi mgongo wake uelekezwe penye kelele. Mbele inasikia wewe na kilicho nyuma yako. Ndiyo maana naumia nikiona watu wanabandika sponji nyembamba ukutani nyuma ya maiki na kuacha ukuta wa nyuma ya mwimbaji mtupu. Blanketi zito likining'inizwa nyuma yako linaweza kufanya kazi kubwa kuliko sponji hizo, ambazo hunyonya sauti nyembamba tu na kuacha mngurumo kama ulivyo. Mngurumo unataka unene. Wanaotengeneza paneli za kweli hutumia sufu ya mawe ya kina cha sentimita 10 au zaidi, na huiacha nafasi kidogo na ukuta.

Sasa vile vyombo vya mkupuo. Sitakuambia uvikatae. Nataka tuvitazame kimoja kimoja na kuuliza vinamfaa nani.

Spika za inchi nane zinashusha besi chini sana. Kwenye chumba chako besi hiyo itavimba, wewe utaipunguza kwenye wimbo ukidhani imezidi, halafu utausikiliza ndani ya gari na kukuta umekonda. Kisha kuna mtoto atakayelala mara nyingi mchana, na spika kubwa hazipendi kufanya kazi kwa kunong'ona. Hedifoni hazijali chumba, na hilo kwako ni faida kubwa. Zile zinazofunika sikio lote ndizo za kurekodia, ili biti isivuje na kuingia kwenye maiki. Zilizo wazi kwa nyuma huwafaa wengi wakati wa kumiksi. Hata hivyo, kwenye hedifoni kila sikio linasikia upande wake tu, kwa hiyo wimbo unaonekana mpana kuliko ulivyo, na masikio huchoka upesi. Mtu anayefanya kazi na hedifoni peke yake hulazimika kupeleka wimbo kwenye spika za watu wengine kabla ya kuuamini.

Kadi ya matundu manane ni chombo cha kurekodi kundi la watu au ngoma zenye maiki nyingi. Wewe una mdomo mmoja na gitaa moja. Matundu mawili yanakutosha leo. Labda kesho mtataka kundi, sijui. Ila kwa kadi iliyokwishatumika miaka mingi kuna mambo mawili ya kuangalia kwa macho yako. La kwanza ni plagi yake: kadi nyingi za zamani zilitumia aina ya plagi ambayo kompyuta za leo hazina. La pili ni draiva, ile programu inayoifanya kadi ielewane na kompyuta, ambayo watengenezaji huacha kuihuisha. Kama muuzaji hawezi kukuruhusu uichomeke kwenye laptopu yako na kuimba nayo saa nzima, hilo nalo ni jibu la aina fulani. Wala usidhani ukubwa wa kadi ndio ubora wa sauti: kadi ndogo za siku hizi nazo hurekodi kwa biti 24 (hapa si biti za muziki, ni kipimo cha undani wa sauti ya kidijitali), kina kinachozidi biti 16 za CD.

Programu ya kurekodia isikusumbue. Audacity ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000, na Reaper hukupa siku 60 za kuijaribu.

Ukiitazama orodha ile tena, naona kitu ambacho huenda ninyi wawili hamjakisema kwa sauti. Spika, kinanda, besi ya kina: hivyo ni vyombo vya mtu anayetengeneza biti. Rafiki yako hajakosea, amechagua vya kazi yake. Kazi yako inataka utulivu, maiki, kadi yenye volti 48 na hedifoni. Mnaweza kupendana na kufanya kazi pamoja huku kila mmoja akihitaji meza tofauti. Je, umewahi kumuuliza yeye angenunua nini kama mngekuwa hamchangi?

Kuchangia vyombo kuna uzuri wake. Mtu wa kukusukuma yupo, sikio la pili lipo, na rafiki anayekuja kila jumamosi hukufanya umalize nyimbo. Lakini jiulizeni mapema, wakati bado mnacheka pamoja: mmoja akihama, spika zinaenda na nani? Akitaka kuja saa nne usiku na mtoto ndiyo kwanza amelala, nani atamwambia hapana, wewe au mke wako? Deni ni la nani kinanda kikiharibika? Kama maswali hayo yanaulizika kati yenu bila mtu kununa, huo ni msingi mzuri. Kama hata kuyafikiria kunakubana kifua, sikiliza kubanwa huko. Ipo pia njia ya kila mmoja kununua vyake na kukutana kwenye wimbo, yeye akuletee biti, wewe umpelekee sauti. Hapo hatari ni kwamba anaweza kuona umemwacha, na mkupuo ule hautakusubiri. Na ipo njia ya kukodi studio ya mtu kwa saa chache, wanaojua wakurekodi. Hii ningeifurahia kwa mtu mwingine kuliko kwako, kwa sababu saa inayolipiwa huwakimbiza watu wenye haya, na wewe hujazoea bado kuimba mbele ya mtu.

Watu wataendelea kukutajia walioanza na vichache. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi karibu albamu nzima ya Nebraska nyumbani, karibu na mwanzo wa mwaka 1982, kwa kinasa cha kaseti chenye njia nne na maiki za Shure SM57. Alikusudia iwe sampuli ya kuwaonyesha wanamuziki wenzake, na mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyotoka. Mtayarishaji wa muziki Finneas alimrekodi dada yake, mwimbaji Billie Eilish, chumbani, na albamu yao ya mwaka 2019 ikashinda Grammy. Ni mifano ya kweli, nami naipenda. Lakini nisikudanganye kwa kuikata katikati: Springsteen tayari alikuwa na albamu tano nyuma yake, na mafundi walihangaika sana kuihamisha kaseti ile kwenye santuri. Vyombo vichache havikumzuia, wala havikumbebea kazi.

Nimemwacha mke wako mwisho kwa sababu ndiye aliyenigusa zaidi. Ulimwambia haelewi muziki. Mtu huyo alisikia wimbo wako mara moja, usiku, akiwa amefumba macho, na asubuhi kiitikio kilikuwa mdomoni mwake. Sitaki kumsemea, simjui. Aliposema urekodi wimbo mmoja kwanza, wewe ulisikia mtu anayebana fedha. Je, haiwezekani alikuwa anaomba kuusikia wimbo wote? Pengine pia anawaza chumba cha mtoto na hajapata pa kuanzia kukwambia. Hayo yote ni makisio yangu, na yeye yuko chumba cha pili, anaweza kuulizwa.

Na kuhusu boksi. Watu wengi hushtuka wakisikia sauti zao zilizorekodiwa, kwa sababu ukijisikia mwenyewe unasikia pia kwa mifupa ya kichwa, ambayo huongeza uzito wa chini. Maiki haina mifupa hiyo. Unasikia kile wengine wamekuwa wakikisikia siku zote, na kinaonekana chembamba na kigeni. Inawezekana siku ile ulisikia mambo mawili kwa pamoja, pipa na sauti ngeni, ukayaita yote "vyombo vibaya". Kama ndivyo, orodha ya vitu 14 itatibu moja tu kati ya hayo.

Siku za mwezi bado zipo. Kabla ya kumjibu rafiki, unaweza kuiazima tena ile kadi kwa siku mbili. Peleka maiki chumba cha kulala, penye godoro, mapazia na nguo, ambacho katika nyumba nyingi ndicho chenye mwangwi mdogo kuliko vyote. Zima feni. Weka kiwango ili sehemu ya wimbo yenye nguvu zaidi ifike karibu desibeli 12 chini ya kilele, yaani kiwango cha mwisho ambacho kadi inakipokea bila kukwaruza, usiogope kuwa ndogo. Kama sauti inakufikia masikioni kwa kuchelewa, shusha bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa) hadi sampuli 128, ucheleweshaji wake ni kama sehemu tatu kati ya elfu moja za sekunde, au tumia kitufe cha kadi kinachokusikilizisha moja kwa moja. Imba wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, hata ukikosea. Kisha utakuwa na kitu cha kumsikilizisha rafiki, na mazungumzo yenu yatakuwa juu ya wimbo mnaousikia wote wawili.

Ukiniandikia tena, niambie jambo moja ambalo barua yako imeliruka: usiku ule mke wako alipousikia wimbo, ulikuwa umekaa wapi ndani ya nyumba? Nina hakika si kwenye kile chumba cha mita tatu kwa tatu.